Kware wa Mama na Paka wa Mwalimu

Nimekuwa nesi kwa miaka kumi na tisa. Nimeshona vichwa vya madereva wa bodaboda, nimesafisha vidonda vya moto, nimepokea watoto waliotanguliza miguu. Sikudhani kwamba ndege anayeenea kwenye kiganja angeweza kunikalisha sakafuni, uani kwangu, asubuhi, nikiwa nimeshavaa sare ya kazi na pochi iko begani.

Alikuwa amesimama kwenye kona ya banda. Kuanzia juu ya mdomo hadi shingoni hakuwa na manyoya, wala ngozi. Fuvu lilikuwa wazi, jeupe, lina unyevunyevu kama kucha iliyotoka kukatwa. Lakini alikuwa anapepesa macho. Alikuwa hai, ananitazama, anangoja chakula kama siku zote. Pembeni yake alilala mwenzake, amekufa, mgongo umechimbwa.

Kware wale walikuwa wa mama yangu, ingawa niliwaleta mimi nyumbani. Mama alishuka kutoka Mamba, milimani, mwaka juzi baada ya nyonga kumshinda. Huko juu alikuwa na shamba lake la tangawizi, kuku, na mlango ambao haukufungwa kutwa nzima kwa sababu ya watu kuingia na kutoka. Hapa Same mjini nilimpa chumba kizuri, godoro jipya na feni, naye akawa anakaa kwenye kiti uani akitazama milima aliyotoka. Kutoka kwetu inaonekana vizuri, hasa asubuhi kabla vumbi halijaanza. Alikuwa halalamiki, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Mwenzangu wa kazini aliponiambia anafuga kware na anaweza kunipa sita, nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Mama aliwapenda kuliko nilivyotarajia. Asubuhi alikuwa anawasemesha Kipare kama alivyokuwa akisemesha kuku wake. Alijua yupi anataga mapema na yupi ana uvivu. Alikuwepo mmoja jike, mdogo kuliko wote, wa rangi ya kahawia iliyopauka, ambaye alikuwa akifunguliwa mlango anapanda mwenyewe kwenye kiganja cha mama na kudonoa dagaa katikati ya vidole. Wageni wakija tulikuwa tunawaonyesha huyo. Mimi mwenyewe nilimpiga picha na kuiweka kwenye simu, mahali ambapo wenzangu huweka picha za wajukuu.

Basi asubuhi ile, nikiwa sakafuni, jibu lilinijia lenyewe: paka wa mwalimu.

Mwalimu ni jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alifundisha shule ya msingi hadi akastaafu, na mtaa mzima tunamwita hivyo, hata wale ambao hakuwafundisha. Tunasali naye usharika mmoja. Tangu mumewe afariki alikuwa anaishi peke yake na paka wa kijivu mwenye mguu mmoja mweupe. Paka huyo nilikuwa nimeshamkuta mara mbili amekaa juu ya banda la kware, mkia umezunguka miguu, anatazama chini kupitia kwenye wavu. Sikuhitaji ushahidi mwingine. Niliukagua wavu, haukuwa umekatwa popote, na mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo lake. Nikajiambia amepitisha ukucha.

Mama alikuwa ametoka na fimbo yake, amesimama nyuma yangu. Alimwangalia yule aliyekufa, akamwangalia aliyesimama.

“Paka angekula,” alisema.

Nilimjibu kwamba labda alishtuliwa kabla hajala. Nikamweka yule aliye hai kwenye boksi, nikamchukua yule maiti kwenye bakuli la plastiki, nikaenda kwa mwalimu.

Nilimkuta anafagia mbele ya mlango. Nilimwamkia shikamoo, lakini sikungoja aitikie, nikaliweka bakuli kwenye ngazi yake. Alisimamisha ufagio akatazama. Nikamweleza. Akasema, kwa sauti yake ile ya darasani isiyopanda, kwamba paka alilala ndani, kwamba humwingiza kila siku kabla ya kufunga mlango wa nje. Nikamwambia kila mwenye mnyama mharibifu husema mnyama wake alilala ndani. Mpaka hapo labda ningeweza kusamehewa. Kisha nikasema:

“Mwalimu, nisipoona umemfunga huyo paka, nitamwekea sumu ya panya.”

Nililisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu, mimi niliyewahi kumwosha tumbo mtoto wa miaka minne aliyekula sumu hiyohiyo. Mwalimu aliinama, akachukua ncha ya kitenge chake, akamfunika yule ndege ndani ya bakuli. Mimi nikaenda kazini.

Siku mbili baadaye nilisikia dukani kwamba paka ameondoka. Kaka yake mwalimu, anayelima mpunga kijijini Bendera, alikuwa amepita na gari akielekea nyumbani, naye mwalimu akamkabidhi paka kwenye gunia. Muuza duka alinisimulia kama habari ya kawaida. Nilivuta pumzi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba sasa kware watakaa kwa amani, na mama akaniuliza kama chai nitaitia tangawizi nyingi au kidogo. Hivyo ndivyo mama anavyonyamaza.

Jumamosi ya wiki iliyofuata nilikuwa na mapumziko. Nilikuwa uani nafua, mama yuko kwenye kiti chake, jua limeshaanza kuchoma mabati. Nilisikia sauti kutoka bandani, siyo ya kuwika, bali kama kitambaa kinachochanwa kidogokidogo. Nikainua kichwa.

Yule mdogo wa kahawia iliyopauka, kipenzi chetu, alikuwa amesimama nyuma ya mwenzake. Alikuwa ameyashika manyoya ya utosini kwa mdomo, ameegemea nyuma kama mtu anayevuta kamba. Yakatoka. Akayatupa. Akarudi pale pale palipobaki pekundu, akashika ngozi yenyewe, akavuta, na ngozi ikaja. Akaimeza. Alifanya bila haraka wala hasira yoyote ambayo ningeweza kuiona. Yule anayechunwa aliinamisha kichwa tu akajibana kwenye wavu. Kisha kware wengine wawili wakasogea. Nilidhani wanakuja kumsaidia, sijui kwa nini nilidhani hivyo. Walikuja kudonoa damu.

Mikono yangu ilikuwa ndani ya beseni na sikuweza kuitoa. Wagonjwa huwa wananisimulia kwamba waliganda, na mimi huwa ninaitikia huku ninaandika. Siku ile niliganda. Povu lilikuwa linakauka kwenye viwiko vyangu nami nimetumbua macho.

Aliyeinuka ni mama. Mwanamke ambaye kumtoa kitandani asubuhi ni shughuli ya watu wawili, aliinuka bila fimbo, akafika kwenye banda akishikilia ukuta, akafungua komeo, akaingiza mkono. Alimtoa yule mdogo, akamfunga ndani ya khanga, akakaa naye chini kwenye kizingiti. Kichwa cha yule kware kilikuwa kimetokeza nje ya khanga. Mdomo ulikuwa na damu kwenye ncha. Akaanza kudonoa kidole cha mama taratibu, kama anavyofanya akitaka dagaa.

Nilimtoa yule aliyejeruhiwa nikamweka kwenye boksi pamoja na wa kwanza. Nilipogeuka mama alikuwa ananitazama.

“Sasa mwalimu utamwambia nini?”

Nikaenda kutafuta pamba.

Jumatatu nilipita ofisi ya mifugo. Nilikutana na kijana mmoja mpole aliyeniachia kiti chake mwenyewe. Sikumwambia habari ya paka, nilimweleza tu kuhusu kware. Aliniuliza maswali machache, na kila nililojibu nilijisikia nikipungua. Walikuwa wangapi siku ya tukio? Kumi. Walikuwa kumi tangu mwanzo? Hapana, walikuwa sita, wiki mbili kabla ya tukio nilileta wengine wanne kutoka kijiji cha Kifaru. Uliwaongezea banda? Sikuwaongezea, niliwatia mle mle, siku ile ile. Banda liko wapi? Lilikuwa chini ya mti, lakini niliposafisha ua nililihamishia ukutani, chini ya mabati. Jua la Same linawapiga? Kuanzia saa nne hadi jioni. Wanakula nini? Chakula cha vifaranga kilikuwa kimekwisha dukani karibu mwezi mzima, nami nilikuwa nawapa pumba za mahindi. Dagaa wachache waliopatikana wote aliwala yule mdogo, kwenye kiganja.

Kila Jumanne mimi husimama mbele ya akina mama kliniki nikiwa na chati ya vyakula, nikiwaeleza kwamba mtoto asiyepata protini anabadilika, anakuwa mkali, analia ovyo. Nimesema maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba nayasema huku nawaza mambo mengine.

Yule kijana hakunilaumu. Alisema kware wakibanana, wakipata joto, wakiletewa wageni ghafla na chakula kikiwa duni, wanaanza kudonoana, na akishaonja damu mmoja, wengine wanaiga. Akaniambia nimtenge anayeanzisha. Niwagawanye waliobaki kwenye mabanda mawili, niwape kivuli, niwawekee matawi ya kujificha, niwasagie dagaa. Majeruhi niwapake ile dawa ya zambarau tunayowapaka watoto wenye utando mdomoni, kwa sababu inakausha na pia inaficha wekundu usiwavutie wenzao. Dawa hiyo niliijua kuliko yeye. Sikuwahi kufikiri kwamba ina kazi ya kuficha.

Nilifanya yote. Fundi wa jirani alinitengenezea banda la pili, mama akashona magunia ya kuzuia jua, nikakata matawi ya kichakani nikayasimamisha ndani. Wale wawili nikawapaka dawa vichwani, wakawa kama wamevaa kofia za zambarau. Yule mdogo alikaa peke yake kwenye tenga. Baada ya wiki mbili nilijaribu kumrudisha, banda likiwa na nafasi na chakula kimejaa. Nilimwacha nikaenda kubandika chai. Chai haijachemka nikasikia ile sauti. Alikuwa tayari amemshika mwingine utosini. Nilimtoa, na tangu siku hiyo sijajaribu tena.

Lakini kwa mwalimu sikwenda. Nilikuwa nasema nitaenda nikitoka zamu, na nikitoka zamu nasema nimechoka, nitaenda kesho. Jumapili nilikaa benchi la nyuma kanisani na kutoka kabla ya baraka. Mama hakuniuliza tena. Aliuliza mara moja, akaona nimesikia.

Alhamisi moja nilirudi kutoka kazini saa kumi nikakuta geti liko wazi. Kiti cha mama kitupu. Chumbani hayupo, chooni hayupo, fimbo haipo. Mama hakuwa amevuka geti lile kwa miguu tangu ashuke kutoka milimani. Hata kanisani tulikuwa tunampeleka kwa gari. Nilitoka mbio barabarani nikiwa na sare, viatu vimejaa vumbi, nikiwauliza watu. Muuza duka alinyoosha kidole.

Alikuwa sebuleni kwa mwalimu, amekaa kwenye kochi, mguu mbovu ameunyoosha juu ya mto aliowekewa. Mbele yake kuna kikombe. Alinitazama kidogo, akatazama dirishani. Nilimwamkia mwalimu, safari hii nikangoja. Akaitikia marahaba.

“Mama yako ameshanieleza,” alisema. “Nilikuwa nangoja uje wewe.”

Nilikaa kwenye stuli ya karibu na mlango. Nikasema nimemkosea. Nikasema paka hakufanya kitu, na kwamba yale maneno ya sumu sijui yalitoka wapi ndani yangu.

Mwalimu alisema anajua paka hakufanya kitu, alijua tangu asubuhi ile. Paka alikuwa amelala miguuni pake. Nikamwuliza kwa nini basi alimpeleka mbali.

“Niliogopa,” alisema. “Nilikutazama usoni nikaona utamwekea kweli.”

Hilo ndilo lililonishtua kuliko fuvu, kuliko ile sauti ya kitambaa kinachochanwa. Mwanamke aliyenifahamu miaka kumi na mmoja, aliyeniletea uji nilipolazwa, alinitazama usoni akaona mtu wa kutoa sumu, na alikuwa ameona sawasawa. Asubuhi ile ningeweza. Nilijua hivyo nikiwa nimekaa kwenye stuli yake.

Nikamwomba ampigie kaka yake simu, nikamfuate paka hata siku ileile. Alipiga, akaweka sauti tusikie wote. Kaka yake aliuliza hali, akaulizia mvua, kisha mwalimu alipomtaja paka akakiri. Paka aliruka walipofungua gunia, siku ileile walipofika, akakimbilia mashambani. Hawakumwona tena. Alikuwa amekaa kimya ili asimuumize dada yake. Mwalimu alimshukuru, akaagana naye vizuri, akailaza simu mezani, kioo kikitazama chini. Kisha akammiminia mama chai nyingine.

Jumapili nilipanda basi la kuzunguka kupitia vijiji vya Kisiwani na Ndungu hadi Bendera. Kaka yake mwalimu, mzee mwembamba mwenye aibu kana kwamba kosa ni lake, alinitembeza kwenye mifereji ya mpunga kuanzia adhuhuri. Nilikuwa naita kama mwalimu alivyonifundisha, kwa kugonga kijiko kwenye sahani ya bati. Watu waliokuwa wanapalilia waliinua vichwa. Mwanamke mmoja alitupeleka kwenye ghala lake akituonyesha paka wa kijivu anayenyonyesha, lakini miguu yote ilikuwa ya kijivu, na wa mwalimu ni dume. Nilirudi wiki mbili baadaye, nikagonga tena ile sahani. Nilipomwambia mwalimu nataka kwenda mara ya tatu, alikataa. Alisema nimekwenda vya kutosha, na sauti yake haikuwa ya kunifariji wala ya kunikemea.

Sasa ni miezi mitano imepita. Wale wawili wa kofia za zambarau wamepona. Sikuamini, kwa jinsi nilivyoona mfupa, lakini ngozi ilijikunja ikarudi kutoka pembeni, na manyoya yakaota, machache na meupe kuliko ya zamani. Mmoja anataga. Yule mdogo bado yuko peke yake kwenye tenga lake, ananenepa. Mama bado anamlisha, ila kwa kijiko.

Kila Alhamisi ninamshika mama mkono tunakwenda kwa mwalimu taratibu, tukipumzika mara mbili njiani. Wao wanaongea, mimi ninakaa kidogo kisha ninaondoka. Mwalimu ananiitikia, ananiuliza habari za zamu. Hajawahi kuniletea uji tena, lakini pia sijaumwa.

Mwezi uliopita yeye ndiye aliyekuja kwetu. Alipita moja kwa moja hadi uani, akasimama mbele ya mabanda mikono imefungwa nyuma, kama anavyosimama mkaguzi wa shule.

“Ni yupi?” aliuliza.

Nilimwonyesha tenga. Alichuchumaa kwa shida, akafunua gunia. Yule kware alikuja mbio hadi ukingoni, akainua kichwa, akangoja. Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu sana, nami nikabaki nimesimama nyuma yake bila kujua pa kuweka mikono yangu.

“Mdogo hivi,” alisema.

Akamfunika, akaninyooshea mkono nimsaidie kuinuka, akaingia ndani kumsalimia mama.